Mlango uliolia

"Fundi, mlango wako unalia."

Ujumbe wenyewe ulikuwa huo tu, na picha chini yake. Nilipoikuza picha nikauona mlango mweupe niliokuwa nimeufunga miezi minne nyuma, umetokwa na madoa saba ya manjano, kila doa na duara lake. Mawili yalikuwa yameteremsha michirizi hadi chini, inang'aa kama asali. La saba lilikuwa usawa wa uso wa mtu mzima. Ukitaka kuingia chumbani, ndilo linalokupokea.

Kosa nililijua kabla sijafika. Mlango ule niliuunda kwa paini, yaani mbao ya msonobari. Niliupiga randa, nikaupiga msasa, nikapaka rangi ya kwanza, nikapaka ya pili, ukapendeza, nikaondoka. Macho ya mbao, yale mafundo ya palipoota matawi, niliyaona vizuri tu. Niliyapitishia brashi kama ninavyopitisha kwingine, nikajiambia yamefunikwa.

Basi nikarudi na kikwanguo, spiriti, shelaki (aina ya vanishi) na kopo la rangi, nikaanza kazi ya aibu mbele ya mama mwenye nyumba. Nimepiga magoti nakwangua, kaka yake yule mama akaja akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni. "Ndiyo shida ya hizi mbao laini, dada," akasema. "Ungetumia mbao ya maana."

Sikumjibu. Mtu aliyepiga magoti mbele ya kosa lake hana mdomo. Lakini ile "mbao ya maana" niliibeba mpaka karakana, ikalala nami siku kadhaa, na leo naitua hapa.

Tuanze na hilo neno laini, maana limewapoteza wengi, hata mafundi. Mbao hazikugawanywa laini na ngumu kwa kubonyezwa na ukucha. Ziligawanywa kwa ukoo wa mti. Mbao laini hutoka kwenye miti ya jamii ya msonobari, ambayo mingi ina majani ya sindano au ya magamba, na mbegu zake hazifichwi ndani ya tunda bali hukaa wazi kwenye zile koni tunazookota chini ya mti. Humo wamo msonobari, mwerezi, mberoshi, mtarakwa, sprusi na wenzao, spishi 600 na zaidi. Mbao ngumu hutoka kwenye miti ya maua yenye majani mapana, kama mtiki, mwaloni, mvule na mkangazi. Hakuna mahali katika mgawanyo huo ambapo mtu alipiga msumari akaona umeingiaje.

Ndiyo maana balsa, ile mbao nyepesi ya kutengenezea vindege vya mfano, iko kwenye kundi la mbao ngumu. Mita moja ya ujazo ya balsa kavu ina wastani wa kilo 160 hivi, wakati maji ya ujazo huohuo ni kilo 1,000. Ukiibonyeza kwa kidole inaacha alama. Upande wa pili kuna yuu, mti wa ukoo wa mbao laini, ambao mbao yake ina uzito wa karibu mara nne ya balsa. Waingereza wa zamani walichonga pinde zao za vita kwa yuu. Meli yao ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545, na katika mabaki yake, yaliyoinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, zilipatikana pinde nzima zaidi ya 130. Upinde wa yuu ulichongwa ili upande unaomwelekea mpigaji uwe ile mbao nyekundu ya ndani ya mti, inayovumilia kubanwa, na upande wa nje uwe ile nyeupe iliyo karibu na gome, inayovumilia kuvutwa. Fimbo moja, kazi mbili, bila gundi. Nani ataiita hiyo mbao isiyo na maana?

Mfano ninaoupenda zaidi ni ndege. Waingereza haohao, katika Vita Kuu ya Pili, walikuwa na ndege ya mbao iliyoitwa Mosquito, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 1940. Kiwiliwili chake kilikuwa balsa iliyobanwa katikati ya matabaka ya plaiwudi, na mihimili ya mabawa yake ilikuwa na sprusi. Yaani "mbao ngumu" ndiyo iliyokuwa kijazo, na "mbao laini" ndiyo iliyobeba mabawa. Ningekumbuka hilo pale mlangoni ningeinua kichwa kidogo.

(Na kwa kuwa nimeshaanza kubomoa majina: mvinje si msonobari. Najua unafanana nao, najua unavuma kama msonobari upepo ukipita, na unazaa vitu vidogo vinavyofanana na koni. Lakini zile "sindano" zake ni vijitawi, na majani yenyewe ni vimagamba vidogo sana kwenye maungio ya vijitawi hivyo. Mvinje ni mti wa maua, na mbao yake, ambayo ni ya kundi la ngumu, ni ngumu kweli. Hapo jina na ukweli vimekutana kwa bahati.)

Turudi kwenye paini. Nina kioo kidogo cha kukuzia ninachokiweka kwenye droo ya patasi. Ukitaka kumjua mtu, mtazame usoni. Ukitaka kuujua ubao, utazame kichwani, pale ulipokatwa na msumeno. Chukua patasi kali, kata kipande chembamba kusafisha kichwa, lowanisha kwa ute wa ulimi, weka kioo. Kwenye mtiki au mwaloni utaona vitundu vya wazi. Hiyo ni mirija ya kupandishia maji. Kwenye paini huoni vitundu vya namna hiyo. Unaona visanduku vidogo mno vilivyopangwa safu kwa safu kama matofali ya fundi asiye na haraka. Kila kisanduku ni kichwa cha seli ndefu yenye urefu wa milimita tatu au nne hivi. Seli hizo zinachukua zaidi ya asilimia 90 ya mbao, na ndizo zinazopandisha maji na ndizo zinazousimamisha mti.

Sasa angalia pete. Mwanzoni mwa msimu wa kukua, mti unatengeneza seli pana zenye kuta nyembamba kwa sababu una kiu. Msimu ukielekea mwisho, seli zinakuwa nyembamba na kuta zake nene. Hapo unapata ule mstari mpana mweupe na ule mwembamba wa kahawia. Ubao mmoja wa paini kwa hiyo ni mbao mbili zinazopishana, moja laini na moja ngumu, na mikono ya seremala inalijua hilo. Ukipiga msasa kwa vidole vitupu, msasa unakula mweupe na kuuacha wa kahawia, halafu unashangaa kwa nini meza ina mawimbi. Funga msasa kwenye kibao. Ukipaka rangi ya kunywesha, ile ya kuigiza mbao nyingine, mweupe unakunywa sana na wa kahawia unakataa. Palipokuwa peupe panakuwa peusi, kama negativu ya picha za zamani. Watu wengi wanaosema paini haipendezi wameiona ikiwa imevalishwa nguo ya mwenzake.

Hapohapo kichwani, kwenye mistari ya kahawia, utaona nukta chache zilizotawanyika. Hizo ndizo njia za ulimbo, na ndizo zilizonipeleka kupiga magoti kwenye mlango wa watu.

Wengi huita kila kinachotoka mtini utomvu. Mimi natenganisha. Utomvu ni maji ya mti, yanapanda na kushuka na chakula chake. Ulimbo ni dawa ya kidonda. Mti ukichubuliwa au mdudu akitoboa gome, ulimbo unatoka, unamgandisha mdudu na kuziba tundu. Msonobari, sprusi na ndugu zao wa karibu wana njia zake ndani ya mbao. Mberoshi na mtarakwa kwa kawaida hawana, ndiyo maana mlango wa mberoshi haulii hivi. Na mahali ulimbo unapojikusanya zaidi ni kwenye jicho, yaani palipokuwa na tawi. Tawi likifa, mti unaloweka shina la tawi hilo kwa ulimbo ili uozo usiingie ndani. Jicho la paini, kwa hiyo, ni kidonda kilichofungwa dawa. Mimi nikaja na rangi nyeupe nikapaka juu ya dawa mbichi.

Mbichi, kwa sababu mbao zile zilikaushwa kwa upepo tu. Mbao zikikaushwa kwenye tanuri na joto likafikishwa nyuzi 70 za Selsiasi au zaidi, sehemu nyepesi ya ulimbo inapaa na kinachobaki kinaganda. Hautembei tena kirahisi. Zangu hazikupita huko, na mlango wenyewe unatazama jua la alasiri. Kila siku saa kumi ulikuwa unapashwa moto, na ulimbo unalainika, unasogea nusu unywele, unasimama usiku, kesho unaendelea. Miezi minne ndiyo safari ya kutoka ndani ya jicho mpaka juu ya rangi.

Dawa yake si rangi nyingi. Hata ukipaka mara sita, ulimbo unayeyusha njia. Unakwangua mpaka mbao, unafuta kwa spiriti, unaacha ikauke, halafu unapaka shelaki mara mbili juu ya jicho na kupitiliza kidogo pembeni. Shelaki inatokana na ute wa mdudu, inayeyuka kwenye spiriti, na ulimbo wa paini hauipenyi kirahisi. Kisha ndiyo rangi. Kazi ya dakika chache kwa kila jicho, na mimi niliiruka kwa sababu mchana ulikuwa umeisha.

Nikiwa nafuta nilicheka peke yangu, maana kwenye mkoba nilikuwa na kopo la tapentaini la kuoshea brashi. Tapentaini halisi ni ulimbo wa msonobari uliochemshwa na mvuke wake kupozwa. Kinachobaki chini ya chungu, kikavu na cha rangi ya kaharabu, ndicho wapiga fidla wanachokisugua kwenye upinde ili ushike nyuzi. Na uso wa fidla yenyewe kwa kawaida ni sprusi, kwa sababu ni mbao nyepesi lakini ngumu kupinda, na sauti inapita ndani yake kwa kasi. Hata zile za Stradivari, aliyefariki mwaka 1737, uso wake ni sprusi. Mbao laini inasuguliwa kwa ulimbo wa mbao laini, watu wanalia ukumbini. Mlango wangu nao ulilia, ila hakuna aliyepiga makofi.

Lakini nisimwonee yule kaka. Shida za mbao hizi zipo, na kubwa kuliko ulimbo ni maji. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa hakubali ubao uingie kwenye meza ya kazi kabla hajauweka shavuni. Kweli, shavuni. Ubao wenye maji una baridi. Sasa nina kipimo cha sindano mbili kinachotoa namba, lakini shavu bado nalitumia, na mara nyingi vinakubaliana.

Mbao inapokauka haianzi kusinyaa mara moja. Kwanza yanatoka maji yaliyo ndani ya mashimo ya seli, na ubao unapungua uzito tu. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, maji ya kwenye kuta za seli ndiyo yanaanza kutoka, na hapo ubao unaanza kusinyaa. Na hausinyai sawa pande zote. Kwa kufuata mzunguko wa pete unasinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu karibu haubadiliki kabisa. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa mbali na kiini unajikunja bakuli, na mdomo wa bakuli huwa upande wa gome. Pete zinataka kunyooka. Ukishalijua hilo, unausoma ubao kichwani kabla haujakufanyia vitimbi, na paneli ya mlango unaiacha icheze kwenye mfereji wake bila gundi. Mtu anayepiga gundi pande zote nne za paneli anaandika tarehe ya ufa.

Kuna jambo jingine ambalo mzee alinionyesha, na mpaka leo linanishangaza. Mti wa ukoo wa paini ukiinama, kwa upepo au mteremko, unajisukuma kuinuka. Unatengeneza mbao nzito, nyekundunyekundu, upande wa chini wa mwinamo, kama mtu anayejiegemeza kwa kiwiko. Miti ya majani mapana hufanya kinyume: hutengeneza mbao maalumu upande wa juu, ikajivuta. Mmoja anasukuma, mwingine anavuta. Ubaya ni kwamba ile mbao ya kusukuma inasinyaa hata kwa urefu, na ubao ulio nayo upande mmoja utapinda kama upinde hata uufunge kwa nguvu kiasi gani. Ukiona kichwani pete pana upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na kiini kimehamia pembeni, huo ubao mpe kazi fupi.

Na halafu kuna umri. Pete za kwanza kumi hadi ishirini kutoka kwenye kiini ni mbao ya utotoni, pana, nyepesi, inayojipopotoa. Mti wowote una utoto. Tatizo ni pale mti unapokatwa ukiwa umebeba utoto mwingi kuliko utu uzima. Msonobari aina ya radiata kwao ni vipande vichache vya pwani ya California na visiwa viwili vya Meksiko. Leo ndio uliojaza mashamba ya miti ya New Zealand na Chile, na New Zealand hukatwa mara nyingi ukiwa na miaka kati ya 25 na 30. Kwa mti huo ni kazi ya ajabu, kukua kuwa nguzo ndani ya muda wa mtoto kukua na kuoa. Lakini ukipewa ubao wenye kiini katikati na pete nne tu kutoka ukingo hadi ukingo, usiulaumu ukoo mzima. Umepewa mtoto, nawe umemtwisha paa.

Mbao ya utu uzima ni habari nyingine. Japani, kwenye hekalu la Hōryū-ji, kuna mnara wa ghorofa tano wa mbao ya hinoki, ndugu wa mberoshi, na umesimama kwa zaidi ya miaka 1,300 katika nchi ya matetemeko. Norwei wamejenga Mjøstårnet, jengo la ghorofa 18 lenye mita 85, lililokamilika mwaka 2019, na nguzo zake ni mbao laini zilizobandikwa tabaka kwa tabaka. Macho yaliyo hafifu unayakata, ubao wenye hila unaugawanya, unachanganya, na udhaifu wa mmoja haukutani na udhaifu wa mwenzake. Mimi nafanya hivyohivyo na meza, ila meza yangu haina lifti.

Mchwa sitaongea sana. Ndiyo, wanaipenda paini, hasa ile nyeupe ya nje. Kuna mbao zilizosukumiwa dawa kwa shinikizo, nazo zinafanya kazi vizuri. Nyingi zina rangi ya kijanikijani. Maranda na vipande vyake usivichome jikoni, dawa nyingine zina aseniki, ambayo ni sumu. Basi.

Mlango sasa. Macho sita yalitulia. La saba, lile la usawa wa uso, nilipokwangua nikakuta pembeni yake mfuko wa ulimbo, upenyo kama wa kucha ya kidole gumba, umejaa. Nilipotia ncha ya patasi ukatoka taratibu, wenye joto la jua, na harufu ikajaa mlangoni pote. Nikaumaliza kadiri nilivyoweza, nikajaza, nikapaka shelaki mara tatu badala ya mbili, nikapaka rangi.

Wiki iliyopita yule mama alinitumia picha nyingine. Doa limerudi, dogo, hafifu, linaonekana saa kumi jua likipiga na si muda mwingine. Amepigilia ndoano juu yake akaninginiza koti. Ameandika: "Limepata nguo." Nimemjibu nakuja Jumamosi na kikwanguo, na kwamba safari hii nitalikata lile jicho lote, niweke kiraka cha mbao, nyuzi zifuate nyuzi. Kaka yake akiwepo, nitamshikisha kioo cha kukuzia.